Daka, Msana na Ndani: Kuuzuru Mji wa Lamu na Visiwa Vyake kwa Mwongozo wa Tenzi

Utangulizi

Mji wa Lamu umejipatia sifa ya kuzuriwa. Tangu mwaka 2001, Shirika la UNESCO lilipouingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, wageni wa mabara yote wamekuwa wakiteremka gatini kwake wakiwa na kamera na vitabu vya kuwaongoza. Sababu zilizotolewa wakati huo zinajulikana: ndio mji mkongwe zaidi na uliohifadhika vyema zaidi miongoni mwa miji ya Waswahili katika Afrika Mashariki, na watu wameishi humo bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Vitabu hivyo humsimulia mgeni habari za punda, vichochoro, milango ya nakshi na mchanga wa Shela. Aghalabu havimwelezi kwamba amefika katika chimbuko la sehemu kubwa ya ushairi mkongwe wa Kiswahili ulioandikwa.

Kwa mtalii wa kawaida huenda upungufu huo usiwe na madhara. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili madhara yapo. Yeye huzisoma Al-Inkishafi, Utendi wa Tambuka na Utendi wa Mwana Kupona darasani Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kana kwamba zilitungwa hewani. Kisha akijaliwa kufika Lamu huyatazama majengo kana kwamba waliokaa humo walikuwa mabubu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi ambavyo mawe na maneno ya visiwa hivyo yanavyofasiriana, na kwa nini mpango wa ziara uliozoeleka, ambao huishia Lamu, Shela na Takwa, unamnyima msomaji wa tenzi sehemu iliyo muhimu zaidi.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Katika karne ya 2 BK Mgiriki aitwaye Pausanias alizunguka nchi ya Wagiriki akieleza mahekalu, makaburi na sanamu zake, na kila alipofika aliweka kando ya jiwe hadithi inayolihusu. Mwaka 1876 Mjerumani Heinrich Schliemann aliichimba Mycenae kwa kuyaamini maandishi ya Homer na ya huyo Pausanias. Uchimbaji wake una kasoro nyingi ambazo wataalamu wamezilaumu, lakini tangu hapo imekuwa vigumu mtu kwenda Mycenae bila kumtaja Homer. Mgeni wa Lamu hatarajiwi awe amesoma chochote.

Kutoka gatini hadi Usita wa Mui

Mgeni huingia Lamu kwa maji, awe ametua katika uwanja wa ndege ulioko kisiwa cha Manda au amekuja kwa barabara hadi Mokowe upande wa bara. Kitu cha kwanza anachokiona ni safu ya majumba yenye roshani yanayoelekea baharini. Safu hiyo hupigwa picha kuliko kitu kingine chochote mjini, ingawa ni sehemu changa ya mji: ni zao la karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na sehemu kubwa yake imejengwa juu ya ardhi iliyojazwa pale palipokuwa ufuo. Mji wenyewe huanzia nyuma yake, kwenye Usita wa Mui. Mwanafunzi na asimame hapo kidogo, maana jina hilo ni somo la lahaja: katika Kiamu 'mui' ni mji na 'usita' ni njia ya mtaani. Atakayeyasoma majina ya mahali kwa makini atakutana tena na sauti alizofundishwa katika isimu ya lahaja, nazo zitakuwa zimebandikwa kwenye kuta.

Kaskazini mwa mji ni Mkomani, penye majumba ya mawe ya kale; kusini ni Langoni, ambako kwa muda mrefu nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Huko Langoni ndiko uliko Msikiti wa Riyadha, uliojengwa karibu na mwaka 1900 na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija. Maulidi ya Lamu, ambayo hadi leo huwavuta watu wa pwani nzima, yanafungamana na jina lake na msikiti huo.

Katikati ya mji ipo ngome. Ujenzi wake ulianza yapata mwaka 1813 na kukamilika 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela na kuomba himaya ya Seyyid Said wa Oman. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome, una tarehe inayolingana na mwaka 1370, nao huhesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote mjini. Msomaji wa fasihi ana sababu ya ziada ya kuutazama: Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Ustadh Mau, mtunzi wa Wasiya wa Mabanati, amekuwa imamu wake. Utunzi wa tenzi Lamu, basi, haukuishia katika karne ya 19.

Posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891, inatosha kutazamwa kwa dakika chache. Makumbusho makuu hayafai kupitwa hivyo, kwa sababu ya siwa mbili zilizomo: ya shaba, ambayo ni ya Lamu, na ya pembe za ndovu, ambayo ni ya Pate. Siwa ilipigwa katika arusi, tohara na kutawazwa kwa watu wa nasaba, na kunyimwa siwa kulikuwa sawa na kukanwa nasaba. Masimulizi ya kale ya Pate yana kisa cha Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya kifalme wakati wa tohara ya mwanawe, naye akaagiza achongewe nyingine. Mtu akikisoma kisa hicho bila kuiona siwa yenyewe atadhani ni ugomvi wa kugombea tarumbeta.

Nyumba ya Kiamu na msamiati wake

Hakuna mahali panapomfaa mwanafunzi wa fasihi mjini Lamu kuliko ndani ya nyumba ya mawe ya karne ya 18. Moja imehifadhiwa kama makumbusho huko Mkomani, na hapo ndipo apaswapo kutumia muda wake mwingi.

Nyumba hiyo imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua umbo la chumba. Kwa kuwa mti wa mkoko unaofaa kujengea hauvuki upana wa mita tatu hivi bila kulegea, vyumba vyote ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Kutoka nje mtu hukutana kwanza na daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango. Hapo mwenye nyumba huzungumza na watu asiotaka waingie. Akivuka mlango hupita tekani, ukumbi mdogo uliopindwa ili jicho la mpita njia lisifike ndani, kisha hutokea kiwandani, uwanja ulio wazi unaoleta mwanga na hewa. Baada ya kiwanda hufuata msana wa tini, msana wa yuu, na hatimaye ndani. Kila hatua sakafu hupanda kidogo, mwanga hupungua na nakshi huongezeka. Nyuma kabisa ipo nyumba ya kati, chumba kilichohusishwa na uzazi na mauti, ambamo mama alijifungua na maiti akaoshwa.

Yafaa maneno haya yapimwe dhidi ya Kiswahili sanifu. 'Tini' na 'yuu' ni chini na juu, na hayo hayana ugumu. 'Kiwanda' ni tatizo, kwani mwanafunzi wa leo akilisikia neno hilo hufikiria mitambo na moshi. 'Ndani' katika sarufi anayofundishwa ni kielezi. Lamu ni nomino, jina la chumba mahsusi chenye heshima kuliko vyote. 'Daka' na 'kidaka' ni neno moja kwa ukubwa na kwa udogo: shimo kubwa katika ukuta la kukaa watu, na shimo dogo katika ukuta la kuwekea vitu. Pale vyumba vya majumba mawili vilipoungana juu ya njia kwa daraja lenye kuta, daraja hilo liliitwa wikio. Nalo liliwawezesha wanawake kutembeleana bila kushuka njiani. Ni wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza waliopata kulisikia neno hilo?

Zidaka ndizo zenye uzito zaidi kifasihi. Katika ukuta wa ndani hupangwa safu juu ya safu za vijishimo vilivyopambwa kwa lipu iliyochongwa, na humo zilipangwa sahani na bakuli za Uchina, pengine na misahafu. Sahani hizo hazikuliwa chakula. Ziliwekwa zitazamwe, ziwe ushahidi kwamba mkono wa mwenye nyumba ulifika mbali baharini. Hata birika la maji lililokuwa kando ya choo lilitiwa bakuli la kauri sakafuni mwake na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, ambayo ni hekima inayostahili kutajwa ijapokuwa haihusiani sana na ushairi.

Sasa Al-Inkishafi yaweza kusomwa upya. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeaga dunia yapata mwaka 1820, anauonya moyo wake kwa kuutembeza katika majumba ya matajiri wa Pate waliokwisha kuangamia. Taa zilizowaka zimezimika, popo wamening'inia juu, na katika vidaka vilivyopangwa sahani wamelala makinda ya ndege. Msomaji asiyeijua nyumba ya Kiamu huona hapo picha ya jumla ya uchakavu. Aliyeingia ndani huona zaidi. Ndege wa mwituni hawezi kufika kwenye zidaka za ndani mpaka daka, mlango, tekani, kiwanda na misana miwili viwe vimekwisha kuvunjika au kuachwa wazi. Kwa picha moja ya makinda mshairi ameibomoa nyumba nzima, tabaka baada ya tabaka, na kuufikisha mwitu mahali ambapo hata jirani hakuruhusiwa kufika. Huu ni usanii ambao ramani ya nyumba huufichua kuliko kamusi.

Shela na Takwa

Shela yahitaji maneno machache. Msikiti wake wa Ijumaa wa mwaka 1829 una mnara wa aina yake, na ufuo wake ndipo majeshi ya Pate na Mombasa yaliposhindwa yapata mwaka 1812. Masimulizi yanasema maji yalikupwa yakaviacha vyombo vyao mchangani. Waotao jua hapo leo wamelala penye kilio cha Pate.

Takwa, iliyoko kisiwa cha Manda, hufikiwa kwa kupita katikati ya mikoko maji yakiwa yamejaa. Ulikuwa mji mdogo uliositawi baina ya karne ya 16 na ya 17, ukazungushiwa ukuta, kisha ukahamwa. James Kirkman alichimba hapo mwaka 1951. Kilichosimama vizuri ni msikiti mkuu, pamoja na kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani miaka ya 1680. Watu wa Shela wanajinasibisha na Takwa, na wamekuwa wakirudi hapo kuomba dua ya mvua. Kwa hiyo gofu hilo lina wenyewe, jambo ambalo bango la mlangoni haliwezi kulieleza. Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho kuna mabaki ya mji wa Manda, uliokuwapo tangu karne ya 9 na kuchimbwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960. Mwaka 2013 watafiti walipata huko sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15.

Pate na Siyu

Wageni wengi hugeukia Takwa na kurudi Lamu kwa chakula cha jioni. Hapo ndipo ziara ya msomaji wa tenzi inapopaswa kuanza.

Kisiwa cha Pate ni kikubwa kuliko Lamu na Manda, na mji wa Pate chini ya Wanabahani ulikuwa kitovu cha siasa na elimu ya sehemu hiyo kabla ya Shela kuuvunja. Utendi wa Tambuka, ambao ni miongoni mwa tenzi kongwe zenye tarehe, uliandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani kwa agizo la mtawala. Mjini humo watu bado wanaishi, na kuta za majumba ya kale zimesimama pembeni mwao bila uzio wala tiketi. Kwa miaka mingi wakulima wamelima tumbaku baina ya kuta hizo, penye vyumba vilivyokuwa na zidaka. Hakuna ufafanuzi wa Al-Inkishafi unaoshinda mche wa tumbaku ulioota sakafuni mwa ndani.

Siyu ina habari nyingine. Ulikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni, ukisifika kwa kunakili misahafu, kwa ngozi na kwa useremala. Ngome yake ya karne ya 19 imesimama kando ya mkono wa bahari, nayo hukumbusha kwamba Wasiyu walilishinda jeshi la Seyyid Said katika miaka ya 1840, wasitiishwe hadi 1863, wakati wa Seyyid Majid. Mtawala aliyehusika zaidi na ukaidi huo ni Bwana Mataka, ambaye mkewe, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yao utendi wake mashuhuri mwaka 1858.

Wapo wahakiki waliousoma Utendi wa Mwana Kupona kama hati ya utiifu wa mke na kuishia hapo. Usomaji huo una msingi katika matini, lakini unasahau mambo mawili ambayo Siyu humkumbusha mtu. Kwanza, mtunzi alikuwa mjane wa mtawala aliyepigana na Unguja maisha yake yote. Hakuwa mtu asiyejua maana ya mamlaka. Pili, mafunzo yake kuhusu usafi, mapambo na mapokezi yanahusu nyumba ya aina iliyoelezwa hapo juu, ambamo sehemu yenye thamani kuliko zote ilikuwa chini ya usimamizi wa mwanamke. Hoja hii haimwondolei mtunzi lawama zote anazotupiwa. Inadai tu kwamba mhakiki ajue anazungumzia nyumba gani.

Kusini-mashariki mwa Siyu kuna Shanga, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti na wa karne ya 8. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa mjadala wa asili ya Waswahili, Shanga ni ushahidi mzito: Uislamu na ujenzi vilikua hapo hatua kwa hatua, katika jamii iliyokuwa ya pwani tangu mwanzo.

Kilichohifadhiwa na kisichohifadhiwa

Uamuzi wa mwaka 2001 ulilinda kuta. Haukuweza kulinda matumizi ya vyumba. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 majumba kadhaa ya Mkomani na Shela yamenunuliwa na wageni au kufanywa hoteli, na nyingi za kazi hizo zimefanywa kwa uangalifu mkubwa: lipu imerudishwa, boriti zimebadilishwa, zidaka zimesafishwa. Kuta zimepona. Lakini msana wenye vitanda vya kukodishwa huitwa kwa nambari, na kiwanda chenye meza za chakula hakiitwi tena kiwanda. Neno huishi kwa kutamkwa na mtu anayemtuma mtoto msanani akalete kitu. Mtumaji akihamia viungani mwa mji, katika nyumba ya matofali ya saruji yenye sebule na vyumba viwili, neno hilo hubaki bila kazi hata kama chumba chake kimepakwa chokaa mpya.

Hali ya Kiamu chuoni haisaidii. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 uamue kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa usanifishaji, Kiamu kimebaki kuwa lugha ya maelezo ya chini ya ukurasa. Sheikh Ahmed Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa kisiwa cha Lamu, aliliona tatizo hili mapema. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa 1979, aliyakusanya maneno ya uundaji na usafiri wa vyombo vya Lamu katika utenzi, akijua kwamba vyombo vyenyewe havitadumu. Alifanya vivyo hivyo kwa mnazi katika Umbuji wa Mnazi. Njia hiyo ya kuhifadhi, yaani kumpa mshairi kazi ya mwanakamusi, ingeifaa sana nyumba.

Muda haupo mwingi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwezi Mei 2021 upande wa bara. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyosababishwa na mradi huo. Fedha zaweza kuhesabiwa. Majina ya mikondo, miamba na samaki yaliyotumika mahali palipochimbwa hayakuwekwa katika hesabu hiyo.

Vyama vya wanafunzi vinavyopanga safari ya Lamu, basi, vingefaidika kwa kuitenga siku moja tu kwa mji na mbili kwa kisiwa cha Pate, kila mwanafunzi akiwa na nakala ya Al-Inkishafi na daftari la kuandikia majina ya vyumba jinsi wenyeji wanavyoyatamka. Vyombo viendavyo Mtangawanda hufuata maji, kwa kuwa mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakikupwa. Saa ya kuondoka huulizwa gatini jioni ya kuamkia safari. Kutoka Mtangawanda hadi mjini Pate ni mwendo wa yapata saa moja kwa miguu.